Waya wa Kwenda na wa Kurudi

Mtoto wa Kitinda alizaliwa akiwa ameshafariki, asubuhi ya siku ya kazi, na habari ilimkuta dada yake amesimama mbele ya meza ya majaribio akisubiri mto wa joto ufikie kipimo chake cha juu. Aliyepiga simu alikuwa shemeji yake, mume wa Kitinda. Alisema mama yu salama, mtoto hakujaliwa, kisha akauliza kama ataweza kupitia nyumbani kuchukua shuka za kubadilisha. Dada akajibu kwamba atapitia. Akakata simu, akasubiri mshale wa kipimo utulie, akaandika namba yake, akazima umeme. Ndipo akaenda kuomba ruhusa.

Kazini walimwita Waya, kwa sababu hata wakati wa chakula cha mchana alikuwa mtu wa kuzungumzia waya. Ndiye aliyekuwa msanifu katika kiwanda kidogo kilichotengeneza mito ya joto: vile vitambaa bapa, vinene kidogo, mfano wa taulo lililokunjwa, vyenye waya mwembamba uliopindapinda ndani na kamba ndefu ya kuchomeka ukutani. Wenye viuno vinavyouma walivilalia, wenye magoti mabovu wakavifunga magotini, na msimu wa baridi viliuzwa mpaka vikaisha.

Kitinda alikuwa kitindamimba wa mama yao, na jina hilo la utani lilimganda tangu utotoni. Waya alimbeba mgongoni akiwa bado mtoto mwenyewe, akamfundisha kusoma, akamsindikiza siku ya harusi. Mimba ilipoanza kumlemea, akalalamika kwamba mgongo unamkatika, ni Waya aliyemletea mto kutoka kiwandani. Alimwambia asiuweke tumboni, asiuwashe juu sana, asilale nao. Kitinda alifuata yote. Alikuwa anampigia simu dada yake kumwambia kwamba ule mto ndio uliomwoa, na mumewe amebaki mgeni tu humo ndani.

Daktari aliwaeleza kwamba kondo la nyuma lilijibandua kabla ya wakati. Hutokea, alisema, na mara nyingi hakuna anayejua kwa nini. Shemeji aliyashika maneno hayo akayarudia kwa kila aliyekuja kutoa pole, bila kupunguza wala kuongeza, kama mtu aliyepewa ujumbe aufikishe.

Mazishi yalikuwa mafupi. Wanaume walikwenda makaburini na wanawake wakabaki nyumbani kwa mama, viatu vimejaa mlangoni, chai ikimiminwa na kupoa bila kunyweka. Chumbani, Kitinda alikuwa amelala ameelekea ukutani. Mto wa joto ulikuwa umetundikwa kwenye mgongo wa kiti. Jirani wa nyumba ya mbele aliuona, akamwinamia mwenzake akauliza kwa sauti ya chini kama vitu hivi si ndivyo vinavyotoa mionzi, maana yeye alisikia hivyo kwenye simu. Mwenzake akamkonyeza anyamaze. Lakini chumba kilikuwa kidogo.

Wageni walipoondoka, Kitinda akamwita dada yake bila kugeuka.

“Dada, ule mto wako ndani una nini?”

“Waya,” Waya akasema. “Waya, pamba, na swichi inayokata ukizidi joto.”

“Na kinachotoka?”

“Joto.”

“Joto tu?”

Hapo alikuwa na nafasi ya kusema ndiyo. Neno lenyewe lilikuwa mdomoni. Lakini kazi yake yote ilikuwa kujua kinachotoka kwenye waya, na hakuzoea kujibu nusu.

“Joto, na usumaku kidogo. Kila waya wenye umeme unao. Hata wa taa hii unao.”

Kitinda akajivuta shuka mpaka kichwani. Baadaye alipoletewa uji alimwambia mama yao kwamba hataki kumwona dada chumbani, na mama akatoka akamfikishia Waya kwa maneno yaliyozungushwa: mwache apumzike, mwanangu, mwili wake bado. Waya akavaa viatu, akaenda zake.

Alingoja majonzi yaje kama mtu anavyongoja maji yarudi bombani. Hayakuja. Alirudi kazini. Watu wakampa pole, naye akasema ahsante, nimeshapoa, na kweli alikuwa amepoa, mpaka ndani. Aliamka, akaoga, akapiga pasi nguo, akajibu aliyemsalimu. Mtu akimfanyia mzaha alijua ni mzaha na alijua mahali pa kucheka, akacheka. Moyo wake ulikuwa umekufa ganzi kama mguu uliokaliwa vibaya, ila mguu ukiusogeza huanza kuchomachoma, na huu haukuanza.

Siku moja shemeji yake alikuja kwenye geti la kiwanda na mfuko wa plastiki. Ndani mlikuwa na ule mto. Alisema Kitinda hataki uwepo nyumbani, na yeye hakupata moyo wa kuutupa jalalani kwa kuwa ulikuwa zawadi. Walisimama pale getini. Alikuwa amekonda. Waya akamuuliza mdogo wake anaendeleaje. Akasema halali vizuri, na mgongo bado unamuuma, hata sasa ambapo hakuna uzito. Kisha akaaga.

Waya aliuweka ule mto mezani, akauchomeka, akachukua mita ya sumaku, akaipitisha juu yake. Mita ikapanda. Akaipitisha kwenye mashine ya kukaushia nywele iliyokuwa kwa mhudumu wa mapokezi, ikapanda zaidi. Akailinganisha na vile viwango vya usalama vilivyobandikwa ukutani, ikawa chini kabisa. Alijua hivyo tangu mwanzo. Alijua pia kwamba wapo watafiti waliouliza maswali juu ya mambo haya na hawakupata jibu la kukata mzizi wa fitina. Alikaa akiitazama mita, akisubiri ahisi nafuu, au hatia, chochote. Hakuhisi kitu. Akachukua mkasi mdogo akaanza kufumua mshono.

Waya wa ndani ulikuwa ule aliousanifu mwenyewe: uzi mmoja unaoingia kona hii, ukaenda na kurudi kwa mapindo mapana mpaka ukaenea kitambaa kizima, ukatokea kona ile. Rahisi kushona, rahisi kukagua. Ila kati ya pindo na pindo palikuwa na nafasi, na kwenye nafasi hiyo usumaku ulikuwa unatanda unavyotaka. Akakaa nao mchana kutwa. Jioni alipokwenda kumuaga tajiri mwenye kiwanda, alimwambia anataka kuusanifu upya mto wote, na alipoulizwa kwa nini, akasema unaweza kutoa usumaku mdogo zaidi ya huu. Tajiri, mwanamume aliyeanza maisha kwa kutengeneza pasi za watu barabarani, alimtazama kidogo, akasema haya, ilimradi kazi nyingine zisilale.

Mshonaji mkuu alikuwa mama mtu mzima aliyefiwa na mume, na meza yake ilikuwa karibu na ya Waya. Ndiye aliyemuuliza anachokihangaikia. Waya akamwonyesha kwa nyuzi mbili, nyekundu na nyeusi.

“Umeme unaokwenda unasukuma sumaku upande huu. Unaorudi unasukuma upande ule. Ukiwaacha mbalimbali, kila mmoja ana fujo zake. Ukiwabana pamoja kabisa, wanafutana.”

Mshonaji akazitazama zile nyuzi. “Kama mimi na marehemu. Kila mtu akiwa kwao, maneno chungu nzima. Tukikaa kitanda kimoja, kimya.”

Waya alicheka mahali pa kucheka.

Wazo lilikuwa jepesi, kazi ndiyo haikuwa nyepesi. Alipozisokota nyaya mbili pamoja, plastiki iliyozitenga ililainika kwa joto, zikagusana, ikapiga shoti, na chumba kizima cha ushonaji kikazimika. Alipotumia plastiki nene, mto ukawa mgumu kama zulia la mlangoni, na nani atalalia zulia la mlangoni? Alipochagua nyaya nyembamba zaidi zilikatika kwenye mkunjo, kwa sababu watu huukunja mto wakaubana chini ya kiuno na hakuna maelekezo yatakayowazuia. Alifanya na kufumua, akafanya na kufumua. Hakuchoka, hakukata tamaa, hakufurahi. Kufanya kulikuwa rahisi kuliko kutofanya.

Mwishowe akaja na waya mmoja wenye nyaya mbili ndani yake: wa kwenda umeviringishwa juu ya uzi wa nailoni kama kamba ya gitaa, juu yake plastiki nyembamba, na juu ya plastiki ukaviringishwa wa kurudi. Plastiki yenyewe aliichagua kwa tabia yake: joto likizidi, inaanza kuvujisha umeme kiduchu kabla haijayeyuka, na swichi ikiuhisi uvujaji huo inakata. Ulikuwa laini. Ulikunjika. Mita ilipopitishwa juu yake ilitikisika ikatulia karibu na sifuri.

Kabla ya kufunga swichi alitaka kujua joto linavyosambaa, akauwasha bila swichi, akaweka kiganja juu yake, akakaa. Alikuwa anatazama dirishani. Nje, mtu alikuwa anaosha gari taratibu sana, mlango kwa mlango. Alimtazama akimaliza upande mmoja akahamia wa pili.

Mshonaji ndiye aliyesikia harufu. Aliinuka, akachomoa kamba ukutani, akaushika mkono wa Waya kwa kifundo, akaunyanyua. Kiganja kilikuwa chekundu na kilikuwa kimeanza kuumuka malengelenge.

“Mama,” alisema polepole, “unaungua, na wewe umekaa tu.”

Waya akakitazama kile kiganja. Alijua kinauma, kama alivyojua kwamba nje kuna mtu anaosha gari.

Mshonaji akampeleka bombani, akayafungulia maji, akaushikilia mkono chini yake muda mrefu, mwenyewe akilowa mpaka kwenye viwiko. Hakumuuliza kitu. Alimsimulia tu kwamba mumewe alipofariki, yeye alishona mashati ya shule mwezi mzima, na baadaye yalirudishwa yote, maana alikuwa ameshona mikono ya kushoto tupu. Hakuna hata mmoja katika kiwanda cha wakati ule aliyekuwa amemwambia. Walimwonea huruma. “Ningependa mtu angeniambia,” akasema. Akafunga bomba, akamfunga kitambaa safi, akarudi kwenye cherehani yake.

Mto mpya ulipopita majaribio yote, tajiri alifurahi mpaka akaagiza soda kwa kila mtu. Siku chache baadaye akamwita Waya ofisini kumwonyesha boksi. Lilikuwa boksi zuri, la rangi ya anga. Mbele palichorwa mwanamke mjamzito anatabasamu, mkono tumboni, na chini yake maandishi makubwa: HAUNA MIONZI. SALAMA KWA MAMA NA MTOTO.

Waya alisema hawezi kulipitisha. Mto hauwezi kutoka kiwandani bila sahihi yake, na hataitia.

Tajiri alimwomba akae. Hakuwa mtu mbaya, na alizungumza naye kwa upole. Alisema yeye, Waya, ndiye aliyeupunguza usumaku huo, si mwingine. Sasa mbona anaona haya kusema? Watu wanaogopa. Wanasikia mambo, hawalali. Mteja dukani hanunui kipimo cha mita, ananunua utulivu wa moyo. Kosa liko wapi katika kumpa?

“Sijapima mimba,” Waya akasema. “Nimepima waya.”

“Lakini huu ni bora kuliko ule.”

“Una usumaku mdogo kuliko ule. Hicho ndicho ninachokijua. Kama usumaku wa ule uliwahi kumdhuru mtu, sijui, na wewe hujui. Joto lenyewe likizidi kwa mjamzito, hilo hata daktari atakwambia si zuri, na joto halijapungua hata chembe.” Akaligusa boksi kwa kidole. “Na ukiandika kwamba huu ndio salama, yule aliyelalia ule wa zamani akaja akampoteza mtoto, atasoma nini hapo?”

Tajiri alilishusha boksi chini ya meza, taratibu, kama mtu aliyegundua kwamba ameshika kitu cha mtu mwingine.

“Mdogo wako,” akasema.

“Na wengine.”

Kisha tajiri akasema ameshachapisha mengi, na Waya akasema anajua. Akatoka. Kwa muda mito ilikaa ghalani imerundikwa bila boksi, na baadhi ya wafanyakazi walianza kumpita Waya bila salamu, kwa kuwa kazi ilikuwa imelala na lawama lilikuwa lake. Hilo nalo halikumuuma. Baadaye yakaja maboksi mengine, ya rangi ileile. Pale mbele sasa alikuwa mzee amekaa kitini na mto mgongoni. Maandishi yalisema usumaku umepunguzwa, yakaeleza umepimwaje, na upande wa chini, kwa herufi zisizohitaji miwani, yakamtaka mjamzito amuulize daktari kabla ya kutumia joto la aina yoyote. Waya akatia sahihi.

Mama yao alimpigia simu mwisho wa wiki. Alisema jirani wa nyumba ya mbele ameuona mto mpya dukani na amekuja kumwambia Kitinda. Alisema nenda kwa mdogo wako, na safari hii hakuzungusha maneno.

Ilikuwa alasiri. Kitinda alifungua mlango mwenyewe, amevaa sweta la mumewe, akasimama kando ili dada yake apite. Sebuleni palikuwa safi kupita kiasi, kama pa mtu anayefuta vumbi mara tatu kwa siku kwa kukosa la kufanya. Kochi lilikuwa limesogezwa chini ya dirisha. Walikaa kila mmoja upande wake. Waliulizana hali, wakajibiana. Kisha Kitinda akasema:

“Umeubadilisha.”

“Nimeubadilisha.”

“Kwa hiyo ulikuwa ni ule mto.”

Waya hakuwa amelifikiria hilo. Miezi yote ile ya kufuma na kufumua, haikumjia hata siku moja kwamba kazi yake ingesomeka kama kukiri. Aliwaza kumweleza kondo la nyuma, viwango vya usalama, mashine ya kukaushia nywele. Akaanza, akaeleza sentensi mbili tatu, mpaka Kitinda akamkata.

“Dada, unaongea kama karatasi ya maelekezo.”

“Ndiyo kazi yangu, karatasi ya maelekezo.”

Kitinda akatoa pumzi puani, kitu kilichokuwa jirani na kicheko. Halafu uso wake ukafunga tena.

“Mimi nilitaka uwe ni mto,” akasema. “Elewa. Kama ni mto, basi ni mto. Nimeurudisha, yameisha. Kama si mto, basi ni mimi. Nilibeba ndoo siku ile. Nilipanda ngazi. Nililala chali. Nimehesabu kila kitu nilichofanya, sijabakiza.”

“Si wewe.”

“Kama si mto na si mimi, ni nani?”

Waya alifikiri. Alitamani kuwa na jibu, na hili lilikuwa jambo geni, kutamani. Alitafuta kweli, kama anavyotafuta mahali waya ulipokatikia, kwa kupapasa kidogokidogo.

“Sina,” akasema mwishowe. “Nimetafuta. Wewe uliniuliza kuna nini humo ndani, sikuwa na kitu cha kukupa. Ndiyo nikaenda kukitengeneza. Nilidhani nikikimaliza nitakuwa na jibu. Nimekimaliza, na jibu sina.”

Kitinda aliyasikiliza hayo bila kumwangalia. Nje, mtu alipita na redio, sauti ikaja ikaenda. Alivuta mikono ya sweta ikafunika vidole.

“Usiniletee huo mpya,” akasema.

“Sikuja nao.”

“Vizuri.”

Waya alijua kwamba huu ndio wakati wa kuaga, kwamba mtu mwenye adabu angeshika mkoba sasa, akasema nitapita siku nyingine. Badala yake aliuliza jambo ambalo hakuna aliyekuwa ameliuliza tangu siku ya hospitali, si mama, si majirani, si yeye.

“Alifanana na nani?”

Kitinda akageuka. Kwa muda alionekana kama mtu aliyeitwa kwa jina ambalo halijatumika siku nyingi.

“Hukumwona,” akasema.

“Nilifika walishamfunika. Sikuthubutu.”

“Nywele zilikuwa nyingi. Zimelala hivi, upande.” Akaonyesha kichwani kwake. “Pua ya baba yake, maskini. Na masikio yako.”

“Yangu?”

“Yako wewe. Yamesimama. Nilimwambia nesi, huyu ni wa dada yangu kabisa.”

Waya aliinua mkono akajishika sikio. Aliuliza kama yalisimama yote mawili, maana la kwake la kushoto limezidi, na Kitinda akasema yote mawili, lakini ndiyo, la kushoto lilizidi. Akalisema hilo, akaendelea kusema: kucha zake, zilivyokuwa ndefu, utadhani za mtu mzima, uzito wake mkononi, nguo ya njano waliyomvisha, ambayo ilikuwa kubwa. Alisema mfululizo, kama mtu aliyekuwa amezuiwa. Waya akahama upande wake wa kochi akaja wa mdogo wake, na kila Kitinda alipofika mwisho, akamuuliza jingine.

Shemeji aliporudi kutoka kazini aliwakuta wamekaa bega kwa bega, giza linaanza kuingia, hakuna aliyewasha taa. Macho ya wote wawili yalikuwa yamevimba. Alivua viatu, akavuta kiti, akakaa, na Kitinda akamwambia aeleze yeye zile kucha, kwa kuwa dada hasadiki.